Mpwa wangu kachaguliwa uuguzi Dodoma na ualimu hapa Mtwara. Aende mbali au abaki?

Mlima Makonde

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa wenye watoto vyuoni na ninyi wenyewe mliopo vyuoni sasa hivi.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na kafaulu vizuri. Kaomba vyuo kadhaa, kachaguliwa viwili. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Dodoma, shahada ya uuguzi, miaka minne. Kingine kipo hapa hapa Mtwara mjini, shahada ya ualimu wa sayansi, miaka mitatu. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja, TCU (tume ya vyuo vikuu) inamtaka athibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia imeshaingia kwenye simu yake. Dirisha likifungwa limefungwa.

Sisi huku ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo mambo ya wapwa mjomba lazima aulizwe. Simu zote zinanijia mimi.

Nyumbani ni Newala. Akisoma Mtwara atakaa kwa mama yake mdogo pale Chikongola, na Ijumaa akitaka anapanda basi anakwenda kulala kwa mama yake. Dodoma ni zaidi ya kilomita 1,000. Basi siku nzima mpaka Dar, alale, kesho yake treni ya SGR au basi lingine. Likizo fupi ya wiki moja hawezi kuja na kurudi.

Mwenyewe anataka uuguzi. Hajaanza jana, tangu bibi yake alipolazwa Ndanda na yeye ndiye aliyekuwa akikaa naye wodini, neno lake ni hilo hilo. Dada yangu anasema mtoto aende. Shemeji hataki. Anasema msichana akienda mbali hakuna wa kumwangalia, na pesa ya safari, godoro na chakula cha mwanzo itatakiwa Oktoba wakati korosho ndiyo kwanza zinaokotwa na mnada haujalipa. La pesa ni kweli kabisa, nalijua. La pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu mdogo wake wa kiume angechaguliwa Dodoma sidhani kama kikao kingeitishwa.

Naomba anayejua aseme anachokijua. Asanteni.

Sista Wodi

Mkuu, mimi ni muuguzi, nimesoma hapo hapo UDOM na kwetu ni Bukoba, kwa hiyo umbali naujua.

Nikuelezee mazingira. Kile chuo ni kikubwa sana, kimetandazwa juu ya kilima, na koleji zake ziko mbalimbali. Kutoka moja kwenda nyingine hutembei kwa mguu ukiwa na kipindi saa moja. Vumbi lipo, upepo upo, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi itamshangaza mtoto wa Mtwara. Anunue sweta zito. Upande wa masomo, faida yake ni kwamba hospitali za kujifunzia ziko karibu: Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Mirembe kwa magonjwa ya akili. Mirembe peke yake ni shule. Unamaliza ukiwa umeshika wagonjwa wa kila aina, halafu unaingia mwaka mmoja wa intanishipu.

Sasa vitu ambavyo hakuna anayewaambia wazazi. Mwanafunzi wa uuguzi ana mahitaji ambayo mwenzake wa ualimu hana. Sare za wodini, viatu vya kufunika vidole visivyopiga kelele, na saa yenye mshale wa sekunde. Hiyo saa msimpuuze. Mapigo ya moyo unayahesabu kwa mshale, na simu hairuhusiwi kila mahali. Mwanafunzi asiye na saa anaazima kwa mwenzake kila mgonjwa, na wasimamizi wanaona. Pia kuna zamu za usiku, lazima ujue utarudije hosteli. Wanafunzi hupanga kurudi kwa kundi.

Mwaka wa kwanza akiwahi kuomba apate hosteli ya ndani ya chuo. Geto la nje aliache kwanza mpaka aujue mji.

Baba Wawili

Mimi niko na shemeji yako, na naomba msinipige mawe.

Kijana wangu alikwenda chuo cha mbali. Sikitaji. Mwaka wa kwanza vizuri, wa pili akaanza kupata supu, yaani mitihani ya kurudia, mwishowe akadisko, akaondolewa chuoni. Sisi nyumbani hatukujua. Aliendelea kuomba pesa ya kula, ya kuchapisha kazi, ya fildi, na tukaendelea kutuma. Tulikuja kujua siku tuliyoanza kuulizia mahafali. Angekuwa anasoma hapa mjini ningemwona analala mpaka saa nne asubuhi siku ya kazi na ningeuliza. Umbali unaficha mambo, na mzazi wa kijijini asiyejua matokeo yanaangaliwa wapi anafichwa zaidi.

Sista Wodi

Baba Wawili, pole sana. Hilo linatokea na si kwa watoto wabaya tu. Mtoto anaona aibu, anadhani muhula ujao atajinasua, deni la uongo linakua.

Dawa yake mkubaliane kabla hajapanda basi. Matokeo ya kila muhula yanaonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi mtandaoni. Mwambie mpwa kwamba kila matokeo ya muhula yakitoka atafungua mbele yako kwa simu ya video au akutumie picha ya ukurasa mzima. Mwelewane mapema kwamba supu haileti ugomvi, na atakayekasirikiwa ni anayeficha. Ukianza kudai hayo mwaka wa pili ataona unamshuku.

Ndundu

Nimesoma huu uzi toka mwanzo. Mimi ni mtu wa Kilwa, umri umekwenda.

Wakati wetu swali hili halikuwepo. Serikali ilipanga makusudi, mtoto wa Lindi anapelekwa Tabora, wa Mara analetwa Ndanda. Wengine walipata wake na waume huko huko, ndiyo maana leo Mmakonde ana shemeji Mhaya na hakuna anayeshangaa. Kutoka kusini kwenda Dar tulikuwa tunavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Mvua ikizidi mnalala ng'ambo mkisubiri, siku mbili, tatu, chakula mmekula kimeisha. Daraja limefunguliwa 2003. Mzee Mkapa, ambaye daraja hilo limepewa jina lake, alitoka Lupaso, kijiji cha Masasi, akasoma Ndanda, Kigonsera, Pugu, mpaka Makerere Uganda, miaka ambayo barabara ya kusini ilikuwa mchanga.

Lakini nasema na upande wa pili. Sisi tulipopelekwa mbali serikali ilitulisha. Ilitupa waranti ya kusafiria, kitanda, uji wa asubuhi. Msichukue mfano wetu mkamwambia mtoto wa leo "sisi tuliweza". Tuliweza kwa sababu tulibebwa. Mtoto wa leo akifika anaanza kununua maji ya kunywa siku hiyo hiyo.

Na barabara hii ya kusini bado ni yenyewe. Mei 2024 ilikatika kule Somanga, mabasi yakakwama na watu wakalala njiani. Asisafiri na pesa ya nauli tu.

Mlima Makonde

Mzee Ndundu, shikamoo, na asante sana. Hilo la kubebwa sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo.

Naomba mwenye kujua mikopo anisaidie. Mpwa ameomba mkopo bodi ya mikopo. Shemeji anaamini akipata mkopo basi mambo yameisha.

Dawati la Mikopo

Mkuu, mambo hayajaisha, na hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Sikia.

Mkopo una mafungu. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni. Pesa ya chakula na malazi, ndiyo bumu, inaingia kwa mwanafunzi, kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500, ikapandishwa 2022. Haiji kila mwezi kama mshahara, inakuja kwa mikupuo, kwa hiyo miezi miwili ni kama 600,000 inayoingia kwa mara moja kwenye mkono wa mtu wa miaka 19. Kuna fungu la vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Si kila aliyepangiwa mkopo amepangiwa ada yote, kwa hiyo asome mchanganuo wake mstari kwa mstari.

Majina yanatoka kwa awamu. Unaweza kukuta chuo kimefunguliwa na jina lako liko awamu inayofuata. Na hata aliye awamu ya kwanza lazima kwanza asajiliwe chuoni, asaini, ndipo pesa ianze safari. Huo muda wa katikati anakula nini? Bima ya afya ya wanafunzi ni 50,400 kwa mwaka, inatakiwa wakati wa usajili. Kitambulisho, michango ya chuo, hosteli, vyote vinataka pesa taslimu kabla ya bumu.

Kwa hiyo mkitaka jibu langu: msiulize Dodoma ni kilomita ngapi, ulizeni mna chakula cha wiki ngapi.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na jina kwenye cheti cha kidato cha nne yafanane herufi kwa herufi. Huku kusini nimeona "Fadhila" na "Fadhili" vikimchelewesha mtoto.

Binti wa Tandahimba

Shikamooni. Mimi nasoma Mbeya, mwaka wa tatu. Ni jirani kabisa wa huyo mpwa wako, mjomba, Tandahimba na Newala ni pua na mdomo. Nataka kusema kitu ambacho wasichana hatuwaambii wazazi.

Upweke upo. Wiki za kwanza nilikuwa nalia chooni. Baridi ya Iyunga, chakula kingine, watu wanakuchekea ukiongea. Msimu wa korosho ukifika unajua nyumbani wote wapo shambani na wewe hupo. Unazoea. Mimi nilizoea nilipopata kikundi cha kusomea na mwenzangu mmoja chumbani tuliyeshika ndoo moja.

Kisichozoeleka ni njaa. Bumu likichelewa, yule mwenye nyumbani karibu anakwenda kwao Jumamosi anarudi na unga na dagaa. Wewe wa mbali huna pa kwenda. Unakopa kwa mama ntilie, unakula mlo mmoja. Na hapo ndipo wanaume wenye pesa zao wanapojua pa kukupata. Hawaji wakati umeshiba. Nimewaona wasichana wenye akili kuliko mimi wakipotelea hapo, na nyumbani watu wakasema "alikwenda mbali akaharibika". Hakuharibiwa na umbali. Alikuwa na njaa na hakuwa na wa kumwambia bila kufokewa.

Kwa hiyo mjomba, mwambie baba yake kama anaogopa mtoto kuharibika, aweke akiba ya chakula. Hata laki mbili iliyokaa kwa mtu mnayemwamini, isiyoguswa mpaka mtoto apige simu aseme sina. Na akipiga, mtu aitume kwanza, maswali baadaye.

Tabibu Mstaafu

Ngoja nilete njia ya tatu, maana mnazungumza kama zipo mbili tu.

Kama moyo wake ni uuguzi, stashahada ipo huku huku kusini. Ndanda wanafundisha, Nyangao wanafundisha. Ni miaka mitatu, anajisajili, anaanza kazi, halafu anajiendeleza shahada akiwa na mshahara wake. Tangu 2023/24 bodi imeanza kukopesha na stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Nimefanya kazi na wauguzi wa stashahada miaka mingi, wodi zetu za wilaya zinasimama juu ya mabega yao. Ualimu ambao hautaki asiuchukue kwa sababu tu uko Chikongola. Mwalimu asiyependa ualimu anawaumiza watoto wa watu.

Mlima Makonde

Tabibu, nashukuru, hili nimelifikisha nyumbani jana hiyo hiyo. Dada alilipenda. Mpwa alinyamaza kwanza, halafu akauliza: "Mjomba, nikianza na stashahada, nikirudi kusoma shahada nitakuwa na watoto wangapi?" Sikuwa na jibu. Nawajua wauguzi wazuri waliosema watajiendeleza na maisha yakawazuia, na nawajua walioweza. Alama za kuingia shahada anazo leo.

Binti wa Tandahimba, ujumbe wako nimemsomea shemeji kwa simu, wote, pamoja na lile la wanaume. Alikaa kimya muda mrefu akasema "huyo mtoto wa nani?" Nikamwambia ni wa jirani. Mungu akutunze, mwanangu.

Baba Wawili

Na mimi nimesoma ya Binti. Nabaki na msimamo kwamba mzazi lazima aone matokeo. Ila mlipoongea habari ya njaa nimekumbuka kijana wangu alikuwa anaomba pesa ya kula na mimi nikawa namjibu "bumu limekwenda wapi". Sijui.

Binti wa Tandahimba

Baba, bado anaweza kuanza upya. Kuna waliodisko wakaomba upya kozi nyingine, wapo darasani kwetu. Mwulize taratibu.

Mlima Makonde

Wakuu, narudi na mrejesho.

Tulikaa kikao Newala, mimi, dada, shemeji, mama mdogo wa Mtwara na mpwa mwenyewe. Nilitaka awepo, wala si kwa kuhudumia chai. Shemeji alikuja na jambo jipya. Alikuwa ameshazungumza na mtu wa kangomba amuuzie sehemu ya korosho zikiwa bado juu ya miti, apate pesa ya kumsafirisha mtoto. Kwa wasiojua, kangomba ni mtu anayekupa pesa mkononi sasa hivi kwa bei ya chini sana, msimu ukifika mzigo ni wake, na ni kinyume cha sheria. Unakuja mnada, wenzako wa chama cha msingi wanalipwa bei ya mnada, wewe unaangalia magunia yako yakipakiwa na mwingine.

Ilinigusa, kwa sababu maana yake alikuwa ameshakubali mtoto aende, alikuwa anatafuta njia tu. Lakini nilikataa, na nilikataa kwa sauti. Mtoto atasoma miaka minne. Ukiuza mwaka wa kwanza kwa kangomba, mwaka wa pili unaanza na deni, na mwaka wa tatu unauza shamba.

Tulichopanga ni hiki. Dada anakopa kwenye kikundi chake cha VICOBA, analipa mnada ukilipa. Hiyo ni nauli, bima, hosteli na vifaa, saa yenye mshale ikiwemo. Chakula cha miezi miwili ya kwanza ni juu yangu na nimeshaitenga. Akiba ya Binti wa Tandahimba, yaani ile isiyoguswa, itakaa kwa mama mdogo kwa sababu yeye ndiye ambaye mtoto humwambia mambo yake, sisi wanaume tunafoka. Matokeo tutafungua pamoja kila muhula. Shemeji aliomba jambo moja, kwamba mtoto apige simu kila Jumapili jioni. Mpwa akasema atapiga na Jumatano.

Namba ya siri kaiingiza mwenyewe. Uuguzi, Dodoma.

Sasa naomba msaada wa safari. Hajawahi kuvuka Rufiji.

Sista Wodi

Hongera kwake! Akitoka Mtwara asipange kuunganisha siku hiyo hiyo. Alale Dar kwa ndugu mnayemjua, kama yupo Mbagala ndiyo vizuri zaidi maana basi linapita hapo. Asubuhi apande SGR, tiketi ya kawaida Dar–Dodoma ni 31,000, na akate mapema, wiki ya vyuo kufunguliwa nafasi zinaisha. Kama mzigo ni mwingi, ndoo na godoro asibebe, atanunua Dodoma. Abebe vyeti halisi kwenye begi la mkononi, si kwenye buti. Afike mchana. Usiku wa kwanza Dodoma usiwe wa kutafuta hosteli kwenye kile kilima.

Ndundu

Na ale kabla ya Somanga.

Mlima Makonde

Wakuu, mpwa amefika, amesajiliwa, amepata hosteli ya ndani na wenzake watatu, mmoja wa Singida amemsaidia mno. Majina ya mkopo awamu ya kwanza yametoka, lake halipo. Shemeji kanipigia saa tano usiku. Nimemwambia chakula kipo mpaka katikati ya Desemba na mnada wa kwanza umeshapita. Je, tukate rufaa sasa au tusubiri?

Dawati la Mikopo

Subirini awamu ya pili, rufaa ina dirisha lake na hufunguliwa baada ya awamu kutoka. Wakati mnasubiri asikae chumbani. Aende kwa afisa mikopo wa chuo na nakala za vyeti, aangaliwe kama ombi lake lina kasoro. Kama ni jina, au cheti cha mzazi, au sahihi ya serikali ya kijiji haikusomeka, litajulikana hapo hapo na wewe wa Newala utajua cha kwenda kutafuta. Aende kesho asubuhi, foleni ya mchana ni ndefu.

Mlima Makonde

Nimempigia. Anakwenda kesho saa mbili, kabla ya kipindi cha anatomia.